Kutaka Ukamilifu Kunavyozuia Kazi ya Darasani

Katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi humwona mwanachuo aliyekesha akipamba chati kwa rangi tatu, kumbe andalio lake la somo halina hata zoezi moja la mwanafunzi. Mwanachuo huyo si mvivu. Anaogopa kuonekana na kasoro, naye huzimaliza nguvu zake mahali ambapo kasoro hufichika kwa urahisi.

Hofu hiyo huwaambukiza watoto. Hapa Katoro wengi wao hutoka katika nyumba zinazozungumza Kisukuma, na baadhi huchanganya sauti za r na l. Mwalimu akikatiza kila sentensi ili asahihishe, mtoto hujifunza upesi kwamba kunyamaza ni salama. Kimya hicho hudhaniwa kuwa adabu, au ujinga. Aghalabu si hili wala lile. Mwache amalize kusema, kisha mjibu ukilitamka neno hilo kwa usahihi ndani ya jibu lako, nawe uendelee. Katika insha, shughulikia aina moja tu ya makosa kwa juma. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi, hufungwa.

Mfano wa kuwaeleza watoto kazi ya kuandika na kuandika tena upo jirani. Kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, mchanga uliokwisha kuoshwa hautupwi; huitwa marudio, nao huchenjuliwa tena. (Mfano tu: mahali pa mtoto ni shuleni, na zebaki si kitu cha kuchezea.)

Taifa letu nalo lilipata kukabiliwa na uamuzi wa namna hii. Elimu ya msingi kwa watoto wote ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaivuta hadi 1977. Kungoja walimu na madarasa ya kutosha kungewaacha watoto wengi nje. Hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini, kwa msaada wa masomo ya posta na redio, na madarasa mengine yalikaa chini ya miti. Ubora uliumia, na lawama hizo ni za haki. Lakini watoto waliokwisha kuingia shuleni ndio walioweza kutafutiwa walimu bora baadaye.

Kabla ya kipindi chako cha kesho, hesabu katika andalio ni dakika ngapi mwanafunzi atasema au kuandika yeye mwenyewe. Zisipofika kumi, iache chati ilivyo, uandike zoezi.