Je, Wajua? Simu Kwenye Usukani wa Pikipiki

Je, wajua kwamba tyubu iliyokwisha, ile anayoitupa fundi pancha baada ya kuchoka kuiziba, ndiyo kitu cha kwanza unachohitaji ukitaka kujitengenezea kishikio cha simu kwenye pikipiki? Kata mkanda wa upana wa vidole viwili, uuzungushe kwenye bomba la usukani kabla ya kufunga kitu chochote. Bomba hilo kwenye pikipiki nyingi lina kipenyo cha milimita 22. Basi unapokunja bati au bapa la kulishika, liachie na nafasi ya raba.

Wajua raba ni ya nini? Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Pikipiki zetu za kazi nyingi zina silinda moja tu, isiyo na mwenzake wa kuituliza, kwa hiyo mtikisiko hupita kwenye fremu, ukafika usukani, ukaishia kwenye simu. Na si skrubu peke yake zinazolegea. Katika simu nyingi za sasa lenzi ya kamera haikukazwa: imening'inizwa, na sumaku ndogo huisogeza ili picha isitikisike. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, simu ikifungwa moja kwa moja kwenye fremu au usukani, unaweza kuidhoofisha kamera. Hata kwa pikipiki ndogo walishauri kishikio kinachopunguza mtikisiko. Kipande cha tyubu chini ya kishikio na kingine nyuma ya simu husaidia kupunguza mtikisiko huo, na fundi pancha hatakutoza kitu.

Je, wajua kwamba GPS haili bando? Simu haitumi chochote angani, inasikiliza tu. Setilaiti ziko kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku, na mawimbi yake hufika kwenye simu kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Simu ikizisikia nne, inajua ulipo. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Ipakue ramani ya mji wako nyumbani, na hata ukiingia bonde lisilo na mtandao, alama yako itaendelea kutembea barabarani.

Ramani nazo zina watu wake. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walianza kupita mitaani na vifaa vya GPS, wakichora vichochoro, mitaro na nyumba za kata zinazofurika, katika mradi wa Ramani Huria. Kazi yao iliingia kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaitumia bila malipo. Dereva anayefuata ramani hiyo leo hadi kwenye vichochoro hivyo bila kuuliza anadaiwa shukrani na vijana wale.

Na wajua kwamba hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyaharibu mawimbi ya GPS kwa makusudi ili raia wasipate kipimo kamili? Kosa liliweza kufika mita 100. Kwa mwendesha bodaboda, mita 100 ni mtaa mwingine kabisa.

Kishikio cha sumaku je? Hakiiharibii GPS. Kinachopotoshwa ni dira ya simu, hivyo ukiwa umesimama mshale waweza kuelekea nyuma. Ukianza kwenda, hurudi sawa. Bati juu ya simu ndilo baya, kwa kuwa huzuia mawimbi. Plastiki na kitambaa havizuii.

Sasa mahali pa kuifunga, na hapa naomba usikilize vizuri. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unapita mita 16 na zaidi. Ukiinamisha macho sekunde mbili kutazama simu iliyo juu ya tangi, umeshapita mita 33 bila kuona barabara. Kwa hiyo iweke juu, karibu na mita ya mwendo, chini kidogo tu ya mstari wa macho. Njia nyingine rahisi ni bapa jembamba la chuma lenye tundu, likabanwa na bolti ya kioo cha pembeni. Kisha kata usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho: waya wa klachi na wa breki usiguse kitu.

Je, wajua kwamba mfumo wa volti 12 hufika volti 14 hivi injini ikiwaka, na chaji ya kawaida ya simu ni volti 5? Usiunganishe waya moja kwa moja. Tumia chaja ya pikipiki, chukua umeme kwenye waya unaopata umeme baada ya kufungua swichi, na weka fyuzi ndogo karibu na pale unapouunganisha. Waya usio na fyuzi ukichubuka chini ya tangi la petroli, moto hauko mbali.

Jua nalo lina lake. Apple wanataka iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Mfuko wa plastiki angavu unaookoa simu wakati wa mvua huigeuza mkate ndani ya tanuri saa saba mchana, basi mvua ikikatika uvue.

Kabla hujapakia abiria wa kwanza, funga simu kwa mkanda wa pili wa tyubu, pita barabara ya matuta ukiwa peke yako, halafu simama ukaze nati zote upya.