Kusafiri na watoto kwa meli: mambo ya kupanga kabla ya kufika gatini

Likizo ya Desemba ikikaribia, familia nyingi zinazoishi Mwanza na mikoa ya jirani huanza kupanga safari ya Bukoba kwenda kula sikukuu na babu na bibi. Wengine hupanda basi. Wengine huchagua meli, kwa sababu mizigo inabebeka, watoto wanapata nafasi ya kunyoosha miguu, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuona ziwa usiku, safari yenyewe ni nusu ya likizo.

Meli inayojulikana zaidi katika njia hiyo ni MV Victoria. Iliundwa Scotland na kuunganishwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi kazini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Kwa kawaida safari ya meli kati ya Mwanza na Bukoba ni ya usiku kucha. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia bandarini kabla ya kufunga mizigo.

Safari hii inaweza kuwa ya raha na salama. Lakini msikilizaji, usalama wa mtoto melini hutegemea zaidi yale mzazi aliyofanya akiwa bado nchi kavu. Yako mambo matatu ya kushika: mtoto awe na jina lake kwenye orodha, awe na jaketi linalomtosha, na awe na mtu mzima mmoja anayejua kwamba mtoto huyu ni wa kwake.

Jina la mtoto liandikwe

Ukikata tiketi, huenda ukaambiwa: "Huyo mdogo hana haja ya tiketi, mama. Mpakate tu." Ni maneno matamu kwa mfuko, lakini usiyakubali hivihivi. Hata kama mtoto hatozwi nauli, omba jina na umri wake viandikwe kwenye orodha ya abiria.

Sababu tunaijua. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Inakadiriwa watu zaidi ya 800 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa Igoma, Mwanza. Mpaka leo hakuna anayeweza kutaja idadi kamili ya waliokuwemo, kwa kuwa abiria wa daraja la chini hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliofariki walizidi 220. Hapo pia ilikuwa vigumu kujua nani alikuwemo na nani hakuwemo.

Orodha ya abiria ina kazi mbili. Kwanza, inamwezesha nahodha kujua kama meli imefikia kiwango chake. Watoto 50 wasiohesabiwa ni watu 50 ambao hakuna aliyewatengea jaketi. Pili, likitokea la kutokea, waokoaji wanajua wanamtafuta nani na wangapi.

Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Itakusaidia kuthibitisha umri wakati wa kukata tiketi ikiwa mtoto ana nauli yake. Nunua tiketi dirishani, si kwa mtu anayetembea nazo mkononi, na ukate mapema, maana wiki ya Krismasi watu huwa wengi.

Siku ya safari na mahali pa kulala

Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana mawingu ya mvua hujikusanya nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, na radi na mvua hupiga katikati ya ziwa usiku wa manane na alfajiri. Kwa hiyo anga safi ya saa kumi jioni haikuambii usiku utakuwaje. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku hiyohiyo. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, sogeza safari. Babu atawasubiri siku moja zaidi.

Kama uwezo unaruhusu, chukua chumba chenye vitanda. Familia yenye watoto wadogo hupumzika vizuri, na mlango ukifungwa, mtoto hazururi usiku. Kama mnakwenda kwa viti, fikeni mapema mpate nafasi ya katikati ya meli, mbali na ngazi na milango ya kutokea nje. Katikati ya meli hapayumbi sana kama mbele au nyuma.

Mfuko wa mtoto

Usitie kila kitu kwenye mzigo mkubwa utakaokwenda kwa wachukuzi. Kila familia iwe na mfuko mdogo usiotoka mkononi. Ndani yake weka:

- sweta na blanketi, maana usiku ziwani kuna baridi hata msimu wa joto
- maji ya kunywa yaliyochemshwa au ya chupa, kwa sababu maji ya ziwani yasiyochemshwa huleta kuhara
- chakula kikavu kama chapati, ndizi mbivu au maandazi
- nepi, nguo za kubadilisha na mifuko ya plastiki ya kutapikia
- dawa anazotumia mtoto na pakiti za ORS
- tochi, na simu iliyojaa chaji

Mkiwa mbali na nchi kavu mtandao unaweza kupotea. Mpigie anayewapokea kabla ya kung'oa nanga, umwambie jina la meli na idadi yenu. Kisha mwandikie kila mtoto namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Mtoto wa miaka mitatu akipotea kwenye msongamano wa gatini hawezi kukumbuka namba, lakini mkono wake utamsemea.

Jaketi la kuokolea maisha

Hili ndilo jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi. Mkiingia melini, kabla hata ya kutandika blanketi, muulize mhudumu mambo mawili: "Majaketi ya watoto yako wapi? Na tukiitwa wakati wa hatari, tunakusanyika wapi?"

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto mdogo. Akiingia majini, jaketi hupanda juu na yeye hushuka chini, mpaka linamvuka kichwani. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka meli za abiria zinazokwenda nchi za nje ziwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ikiwa watoto ni wengi, ili kila mtoto apate la kwake. Mkataba huo ulizaliwa baada ya kuzama kwa Titanic mwaka 1912. Kwenye meli na vivuko vya ndani usidhani kwamba majaketi hayo yapo. Uliza, uyaone kwa macho yako.

Mjaribishe mtoto jaketi lake. Funga kamba na vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu taratibu. Likifika masikioni ni kubwa mno. Lifanye zoezi hili kuwa mchezo, mshindane nani anavaa haraka. Mtoto aliyelivaa akicheka hataliogopa siku ya hatari.

Na hapa kuna neno kwa mama mwenye mtoto mchanga. Tumezoea kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga, na nchi kavu hakuna njia bora zaidi. Lakini jaketi zuri limetengenezwa ili limlaze mtu chali majini, uso wake uwe juu. Mama akilala chali, mtoto aliye mgongoni anakuwa chini ya maji. Kwa hiyo ikitolewa amri ya kuvaa majaketi, mshushe mtoto kwanza. Vaa lako, mvalishe lake, kisha mshike mbele kifuani, nje ya jaketi lako. Usimfunge kwa kanga.

Mfundishe pia mtoto mkubwa ishara ya hatari inayotumika duniani kote: milio saba mifupi, ikifuatiwa na mmoja mrefu. Akiisikia, asikimbilie mizigo wala ngazi. Aje kwa mtu wake mzima.

Kichefuchefu

Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Wachanga huathirika mara chache. Chanzo chake ni mgongano wa taarifa mwilini: sikio la ndani linahisi kwamba mwili unayumba, lakini macho yanaona ukuta na kiti vimetulia.

Jioni kukiwa bado na mwanga, mtoto atazame mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Giza likiingia, alale chali, afumbe macho na kichwa kitulie. Asicheze michezo ya simu wala kusoma. Mpe chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya safari. Tumbo tupu na tumbo lililoshiba nyama ya mafuta yote mawili huleta shida. Vipande vya tangawizi au chai ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Dawa zipo, lakini usimpe mtoto kidonge cha mtu mzima ukikikata nusu kwa kukisia. Mweleze mfamasia umri na uzito wake. Dawa ya promethazine, kwa mfano, haitakiwi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka 2. Akitapika, mpe maji ya ORS kidogokidogo kwa kijiko, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Kila mtoto na mtu wake

Familia ikiwa kubwa, hatari hujificha kwenye neno "wako pamoja." Baba anadhani mtoto yuko na mama, mama anadhani yuko na shangazi, na shangazi amelala. Kabla ya kupanda, gawaneni kwa majina: Baba na Asimwe, Mama na mdogo, Shangazi na Neema. Atakayetaka kwenda msalani amkabidhi mtoto kwa mtu mwingine kwa maneno: "Nakuachia Asimwe." Asiondoke mpaka aitikiwe.

Kaka wa miaka 11 anaweza kusaidia kubeba mfuko. Asipewe jukumu la kumlinda mdogo wake sitahani. Hakuna mtoto wa kutoka nje peke yake, hakuna wa kupanda kwenye vyuma vya pembeni ili aone vizuri, na hakuna wa kuegemea upande wa maji kupiga picha. Usiku, anayekwenda chooni asindikizwe.

Meli ikikaribia gati

Baada ya usiku mrefu, taa za Bukoba zikionekana, kila mtu husimama. Wengine hukimbilia upande wa kutokea ili wawe wa kwanza. Uvumilivu unahitajika hapa. Taarifa za ajali ya MV Nyerere zilieleza kwamba abiria walielekea upande mmoja wakati kivuko kilichojaa kupita kiasi kikikaribia gati. Chombo kilichoelemewa hakivumilii uzito unaohama ghafla.

Kaeni palepale mpaka meli ifungwe kamba na mhudumu aruhusu kushuka. Waacheni wenye haraka wapite. Mtoto mdogo abebwe, wa makamo ashikwe mkono, na mizigo mikubwa ishushwe mwisho. Hakuna aliyewahi kukosa sikukuu kwa kushuka wa mwisho.

Pale unapotakiwa kusema hapana

Yote haya yanahusu meli kubwa, lakini yanahusu zaidi vivuko na maboti yanayokwenda visiwani. Usiingize watoto kwenye chombo ambacho watu wamesimama kwenye njia, mizigo imeziba milango, majaketi hayaonekani, au upepo umeshachafua maji na mwendeshaji bado anaita abiria. Ukiona hivyo, wajulishe maofisa wa bandari au polisi kwa namba 112.

Ni vigumu kushuka ukiwa umeshalipa na watoto wameshachangamka. Watu watakuona mwoga, na huenda nauli isirudi. Lakini nauli hutafutwa tena. Mfikirie bibi aliyesimama gatini na sahani yake ya senene, anahesabu wanaoshuka mmoja mmoja. Anachotaka ni kwamba hesabu itimie, iwe leo au kesho.