Kompyuta ya Kufika Nayo Mahafali

Shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania huchukua miaka mitatu kwa masomo mengi, minne kwa uhandisi na mitano kwa udaktari wa binadamu, na muda huo ndio kipimo cha kwanza ambacho mzazi au mwanafunzi anapaswa kuingia nacho dukani anapokwenda kununua kompyuta mpakato. Wanunuzi wengi huanza na bei, wakafuatia na jina la kampuni na wembamba wa mashine, huku suala la mfumo endeshi likija mwisho au lisiulizwe kabisa. Mpangilio unaofaa ni kinyume cha huo: kozi huamua programu, programu huamua mfumo endeshi, na mfumo endeshi huamua ni mashine ipi itakayodumu hadi mwaka wa mwisho; bei huja baada ya hapo, ili kuchagua kati ya mashine ambazo tayari zimekidhi masharti.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Mifumo inayotumika zaidi vyuoni ni mitatu: Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za kampuni hiyo peke yake, na Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Linux hutolewa bure katika sura nyingi, na inayojulikana zaidi miongoni mwazo ni Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004.

Tofauti kati ya mifumo hii huonekana mwanafunzi anapofika darasani. Revit, inayotumiwa na wasanifu majengo, SolidWorks ya wahandisi mitambo na ArcGIS Pro ya wachora ramani zimeundwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo mwanafunzi wa fani hizo anayenunua Mac hulazimika kutafuta njia za kuzunguka tatizo ambalo angeweza kuliepuka. SPSS, inayotumika sana kuchambua takwimu za utafiti, hupatikana kwa Windows na macOS, ilhali Stata, MATLAB, R na programu huria ya ramani ya QGIS hufanya kazi katika mifumo yote mitatu. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hufaidika akiizoea Linux mapema, kwa kuwa seva nyingi duniani huendeshwa nayo, na yule wa sheria, ualimu au lugha, ambaye kazi zake nyingi ni kusoma na kuandika, ana uhuru wa kuchagua wowote. Kwa sababu hiyo, kuiuliza idara husika au wanafunzi wa mwaka wa tatu kuhusu programu zinazotumika ni hatua inayotangulia safari ya dukani.

Kwa wanaohitaji Windows, ambao ndio wengi, tarehe moja imebadilisha soko lote la kompyuta za mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, maana yake ni kwamba mfumo huo haupokei tena masasisho ya bure ya usalama, yaani marekebisho yanayoziba mianya ambayo wadukuzi huitumia, isipokuwa kwa mpango wa muda wa nyongeza. Mrithi wake, Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, haukubali kila mashine: unadai angalau GB 4 za kumbukumbu, GB 64 za diski, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye, ukiacha chache zilizosamehewa. Prosesa ndicho kijenzi kinachofanya hesabu zote za kompyuta, na kizazi cha 8 cha Intel kilianza kutoka mwaka 2017.

Wauzaji wengi hutaja "Core i5" au "Core i7" wakaishia hapo, ingawa maneno hayo hayaelezi umri wa prosesa. Kizazi husomwa katika namba inayofuata: i5-7200U ni ya kizazi cha 7, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Aidha, i7-7500U ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, ilhali i5-8250U, ambayo jina lake linaonekana kuwa la daraja la chini, ina viini vinne. Hata jina la modeli halitoshi, kwa kuwa modeli moja huweza kutolewa kiwandani ikiwa na prosesa za vizazi viwili tofauti. Mnunuzi anapaswa kuwasha mashine na kuisoma namba hiyo mwenyewe katika ukurasa wa taarifa za mfumo.

Mwanafunzi ambaye tayari amepewa mashine ya zamani, na ambaye kozi yake haidai programu za Windows, bado ana njia. Ubuntu 24.04 ni toleo la muda mrefu linalopokea masasisho kwa miaka mitano, hadi mwaka 2029, na huendesha mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Kazi za maandishi hufanywa kwa LibreOffice, ambayo chimbuko lake ni OpenOffice, programu ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitolea toleo la Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Tahadhari moja inahitajika: waraka uliopangwa kwa LibreOffice huweza kuvurugika mpangilio ukifunguliwa katika Word, hivyo kazi ya kukusanywa ni salama zaidi ikitumwa kama PDF, mhadhiri akiruhusu.

Baada ya prosesa huja kumbukumbu na diski. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa, inafaa isipungue GB 8 kwa kazi za kawaida na GB 16 kwa michoro ya uhandisi. Diski inafaa iwe SSD, ambayo huhifadhi data bila sehemu yoyote inayozunguka, kwa hiyo ni ya kasi zaidi na hustahimili mitikisiko ya daladala kuliko diski ya zamani. Katika Mac zenye prosesa za Apple zenyewe, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2020, RAM haiwezi kuongezwa baada ya kununua. Ni mashine zenye betri ya kudumu, lakini kosa la siku ya kwanza halirekebishiki.

Mashine za mtumba za daraja la kiofisi, kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook, mara nyingi ni chaguo bora kuliko mpya za bei ya chini, kwa sababu zimejengwa imara na mafundi wanazifahamu. Hata hivyo, nyingi zilikuwa mali ya makampuni, na baadhi huuzwa zikiwa bado na nywila ya BIOS, yaani programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo endeshi, au zikiwa zimefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa zamani. Mnunuzi mwangalifu huingia katika BIOS mbele ya muuzaji, huiunganisha mashine na intaneti kabla ya kulipa, na huipima betri kwa amri ya Windows ya powercfg /batteryreport, ambayo huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa.

Leseni nayo huhesabiwa katika gharama. Mashine nyingi za aina hiyo zina leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani yake, hivyo fundi akisakinisha toleo lilelile hakuna haja ya "kraki", programu za kuvunja ufunguo ambazo mara nyingi hudai kinga ya virusi izimwe kwanza. Hata kwa programu za masomo kuna njia halali: Autodesk, wamiliki wa AutoCAD na Revit, huwapa wanafunzi waliothibitishwa matumizi ya bure ya mwaka mmoja unaoweza kurudiwa. Kinga ya virusi, ambayo kraki hudai izimwe, ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa flashi iliyopelekwa stesheneri kuchapisha kazi hurudi mara kwa mara na virusi vinavyoficha mafaili.

Bajeti ikiwa finyu, manunuzi yanaweza kugawanywa kwa awamu. RAM katika mashine yenye nafasi ya wazi, diski kubwa zaidi na betri mpya vinaweza kusubiri bumu, kama wanafunzi wa Tanzania wanavyoiita fedha ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu. Prosesa ya kompyuta mpakato, kwa upande wake, kwa kawaida imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu na haibadilishwi, na kwa kuwa ndiyo inayoamua iwapo mfumo endeshi utaendelea kulindwa hadi mwaka wa mwisho, fedha ya kwanza inastahili kwenda huko.