Ng'ambo Isigeuke Ng'Ambo

Karani mmoja kaandika NTALIKWA, kwa kuwa fomu ilimwagiza atumie herufi kubwa. Mwingine kaandika ntalikwa, wa tatu Ntalikwa. Kwa msomaji ni kata ileile ya Manispaa ya Tabora. Lakini kompyuta huitambua A kubwa kwa namba 65 na a ndogo kwa 97, kwa hiyo ukiiomba hifadhidata ya Oracle hesabu ya wakazi kwa kata, kwa kawaida itakupa Ntalikwa tatu, kila moja na watu wake.

Wengi hukimbilia INITCAP ya Oracle au PROPER ya Excel. Kwa amri moja, kila neno linaanza kwa herufi kubwa na kuendelea kwa ndogo. NTALIKWA inatoka salama, KIDONGO CHEKUNDU pia. Ikifika zamu ya NG'AMBO, kata nyingine ya manispaa hiyohiyo, inatoka Ng'Ambo. Amri hizi zikikuta ritifaa huhesabu kwamba neno limekwisha na jipya linaanza. Kwa O'Brien wa Ireland kanuni hiyo inafaa. Kwetu inalikata neno moja vipande viwili, na Wanyamwezi na Wasukuma wenye majina ya Ng'wa- ndio wanaoumia zaidi.

Tabora ilikuwa kituo cha misafara, na majina ya pwani nayo yalifika. Kwa amri hizo, mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, angetoka Hamed Bin Muhammed El Murjebi.

Njia bora ni kulikata jina penye nafasi tu, kukuza herufi ya kwanza ya kila kipande, kupunguza zilizobaki, kisha kuunganisha. Katika Python, capwords hufanya hivyo, title haifanyi. Viungo kama bin, binti na wa viwekewe orodha ya vighairi. Ritifaa nazo zisawazishwe kwanza: iliyonyooka ni namba 39, iliyopinda ni 8217, na Ng'ambo mbili zinazofanana machoni hazitalingana. Majina ya kata yasichapwe kabisa. Karani achague kwenye orodha rasmi.

Majina ya watu hayana orodha rasmi. Yupo anayeandika Bin kwa herufi kubwa kwa sababu ndilo jina la ukoo wake, na fomu ya herufi kubwa tupu imeshaifuta tofauti hiyo. Kwa hiyo usiandike juu ya safuwima ya asili. Ongeza mpya pembeni yake, na kabla cheti hakijachapwa, mpe mwenye jina alisome.