Msitu wa Igalula Hausubiri Mvua

Septemba ikifika Igalula, wilayani Uyui mkoani Tabora, ardhi imekwisha kukauka. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili au Mei, na msimu mpya wa mvua hautarajiwi kabla ya Novemba. Hata hivyo, abiria wa Reli ya Kati anayechungulia dirishani huona pori limeanza kuchipua: majani mekundu na ya rangi ya shaba yamejaa kwenye mitundu na miti mingine ya miombo.

Kinachoiamsha miti hii ni joto linalopanda baada ya baridi ya Juni na Julai. Maji huyatoa kwenye mizizi iliyozama chini sana na katika akiba iliyomo ndani ya shina. Mvua ya kwanza ikianguka, majani yako tayari kutengeneza chakula.

Mninga una mbinu yake dhidi ya moto. Mche wake huungua au kukauka kila kiangazi, huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi kwa miaka kadhaa. Siku mzizi unapopata nguvu ya kutosha, hutoa chipukizi linalorefuka haraka hadi kuuzidi moto kimo.

Nyuki nao wanafuata majira. Wakikosa maua au maji, au moshi ukiwazidi, kundi zima huuacha mzinga na kuhama. Pori likichanua hurudi, na ndiyo maana mrina asali wa Tabora huanza kutundika mizinga yake kwa kutazama miti.

Binadamu hakuwa nje ya mpango huo. Katika karne ya 19, wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na misafara ya pwani wakati wa kiangazi, wakapanga kuwa nyumbani mvua zinapoanza, walime.

Lakini kuna badiliko ambalo miombo haina jibu lake. Mti uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Kisiki kikishang'olewa ili kupanua shamba la tumbaku, na kuni zikaenda kukaushia majani yake, hakuna kinachobaki cha kuchipua.

Majirani wa Shinyanga wameonyesha njia. Kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986, wananchi walitenga ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili uoto urudi, wakazuia mifugo na shoka, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti, sehemu kubwa kutokana na visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini. Mkulima wa Igalula anayefungua shamba msimu huu aviache visiki vya pembezoni, na avikinge na moto wa mwisho wa kiangazi.