Njia za Milimani (5): Chumvi, mkanda wa kipajini na leseni ya mwongozaji

Tangu tarehe 1 Aprili 2023, Bodi ya Utalii ya Nepal inamtaka kila mgeni anayekwenda kwa miguu milimani awe na mwongozaji mwenye leseni, aliyetoka kampuni iliyosajiliwa. Hoja zake ni mbili: wageni wasipotee, na Wanepali wapate kazi. Halmashauri ya Khumbu, kule chini ya Everest, ilijibu waziwazi kwamba kwake agizo hilo halitafuatwa. Ubishi uliozuka karibu wote unahusu hiari ya mgeni, aende peke yake au asiende. Anayembebea mgeni huyo begi hatajwi. Nitamfikia, ila kwanza chumvi.

Wiki iliyopita tulivuka kipito cha Thorong, mita 5,416, tukashuka hadi Muktinath. Kutoka hapo njia ya kuizunguka Annapurna inateremka Kagbeni na kuingia bonde la mto Kali Gandaki. Wasomaji wanaofuatilia safu hii wanajua kwamba nimekuwa nikilingojea bonde hili tangu makala ya kwanza. Upande mmoja ni Dhaulagiri, mita 8,167. Upande wa pili Annapurna, mita 8,091. Mto unapita kati yao, zaidi ya mita elfu tano chini ya vilele. Asubuhi ikishakomaa, upepo hupanda bondeni kutoka kusini ukirusha mchanga usoni, ndiyo maana ndege ndogo za Jomsom huruka mapema. Kwenye kokoto za mto huokotwa mawe meusi yenye visukuku vya amonaiti, viumbe wa baharini wenye gamba lililojiviringa. Wahindu huyaheshimu kama alama ya Vishnu. Wanajiolojia huyasoma kama ushahidi wa bahari iliyokuwapo kabla India haijagongana na Asia.

Chumvi yenyewe ilitoka kwenye maziwa ya Tibet. Ilishuka kupitia bonde hili kwa migongo ya kondoo, mbuzi, yaki na nyumbu, na nafaka za mabonde ya kusini zikapanda kwa migongo ya watu. Zilikutana Tukuche, kijiji cha Wathakali, wenyeji wa bonde hilo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watawala wa ukoo wa Rana walianza kukodisha forodha ya chumvi, na aliyeshika mkataba ndiye aliyeamua nani auze, nani anunue na kwa kipimo gani. Majumba ya Tukuche yenye nyua pana za kufungia wanyama yalijengwa kwa faida ya biashara hiyo. Watalii huyapiga picha na kuyasifu. Mimi nayatazama kwa jicho lingine: maskini anaweza kuishi bila nyama, lakini bila chumvi hawezi, na serikali inayouza ufunguo wa ghala la chumvi inajua vizuri inachokiuza.

Biashara hiyo haikufa siku moja. Baada ya uasi wa Tibet wa mwaka 1959 mpaka ulibanwa, na wapiganaji wa Kikhampa kutoka Tibet wakapiga kambi Mustang, upande wa juu wa bonde, hadi mwaka 1974. Kutoka kusini ikaja chumvi ya India, rahisi zaidi, na baadaye yenye madini ya joto, ambayo ya Tibet haikuwa nayo. Rovu lililokuwa likivimbisha shingo za watu wa milimani likaanza kupungua, kwa hiyo siwezi kuililia sana chumvi ya zamani. Wathakali wengi walihamia Pokhara na Kathmandu. Waliobaki walikuwa na nyumba za kulaza wachuuzi, na wageni waliporuhusiwa kuzunguka njia nzima mwaka 1977, nyumba hizo zilikuwa zinawasubiri, mchele na dengu mekoni.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Njia ile ilifanywa na mizigo. Kila baada ya kipande cha mlima utakuta chautari, jukwaa la mawe chini ya mti, lenye kingo ya kimo kinachomwezesha mtu kutua tenga bila kuinama. Tenga hilo, doko, hubebwa mgongoni na kushikiliwa na namlo, mkanda unaopita juu ya utosi karibu na paji la uso. Wanawake wa Kikuyu waliobeba kuni wanaujua mkanda wa namna hiyo. Wanasayansi nao waliujulia kwao: mwaka 1986 utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikuyu hubeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Mmoja wa watafiti hao, Norman Heglund, alikwenda baadaye Nepal na wenzake. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba wapagazi wa Kinepali hubeba mizigo mizito kuliko wanawake hao, na kwa kutumia nguvu pungufu. Wanaume waliopimwa njiani walibeba kwa wastani mzigo unaokaribia uzito wa miili yao.

Ustadi huo haupewi heshima yake. Mpanda milima Mfaransa Maurice Herzog alifika kilele cha Annapurna tarehe 3 Juni 1950, akarudi na vidole vilivyoganda, akashushwa kwa migongo ya watu majuma kadhaa. Ang Tharkay, kiongozi wa Masherpa, alialikwa kwenda kileleni naye akakataa kwa sababu miguu yake ilikuwa inaanza kuganda. Huyo alijua thamani ya miguu, kwani ndiyo iliyomlisha. Vitabu vimejaa Herzog.

Turudi kwenye agizo. Leseni ni jambo jema, lakini haizuii theluji. Oktoba 2014 masalia ya kimbunga Hudhud yaliangusha theluji nzito juu ya Thorong. Zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo hilo, na waongozaji na wapagazi walikuwa miongoni mwao. Siku hizi magari ya jeep hufika Manang upande mmoja na Muktinath upande wa pili, na wageni wengi huruka sehemu nzima ya safari. Barabara imempunguzia mpagazi mzigo na ujira kwa pamoja.

Msomaji anayefikiria kwenda asiishie kuuliza leseni. Aulize mpagazi wake atabeba kilo ngapi, amevaa viatu gani, atalala wapi kule Thorong Phedi chini ya kipito, na akiugua ugonjwa wa mwinuko nani atamshusha. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa langoni. Annapurna mizani hiyo ni mdomo wa mteja.

Wiki ijayo: Marpha na matofaa yake, kisha Tatopani kwenye chemchemi za maji moto.