Benchi la Bibi Afya: Huduma ya Jamii Iliyopimwa kwa Sayansi

Mtu akisikia habari za jaribio la kisayansi, aghalabu huwaza chupa za maabara, au shamba la mahindi lililogawanywa mafungu mawili, moja likatiwa mbolea na la pili likaachwa vivi hivi. Ni nadra kufikiri kwamba mazungumzo ya bibi mzee na jirani mwenye huzuni, wakiwa wameketi juu ya benchi la mbao katika uwanja wa zahanati, nayo yaweza kupimwa kwa njia ile ile. Hata hivyo, ndivyo ilivyofanyika katika mji wa Harare, Zimbabwe.

Habari yenyewe yaanzia katika shida. Mwezi wa Mei 2005 Serikali ya nchi hiyo ilianza kubomoa nyumba na vibanda vya biashara vilivyohesabiwa kuwa vimejengwa mijini bila kibali. Umoja wa Mataifa ulimtuma Profesa Anna Tibaijuka, Mtanzania aliyekuwa akiliongoza shirika lake la makazi lenye makao makuu Nairobi, kwenda kuchunguza. Taarifa yake ya mwaka ule ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, au riziki, au vyote viwili. Balaa hilo liliwaangukia watu waliokuwa tayari wameelemewa na umaskini na UKIMWI, na madaktari wa maradhi ya akili walikuwa wachache mno.

Mmoja wa madaktari hao ni Dakta Dixon Chibanda. Mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Jamaa zake walikosa nauli ya basi ya kumrudisha hospitali, kiasi cha dola 15 za Kimarekani. Dakta Chibanda amekwisha kueleza hadharani kwamba msiba ule ulimfanya atambue kuwa haitoshi daktari kukaa hospitali akingoja kufikiwa. Mwaka uliofuata akaanza kazi Mbare, mtaa wa zamani wa Harare. Hakupewa jengo wala wauguzi. Alichopata ni akina bibi 14 waliokuwa wakifanya kazi ya afya katika mitaa yao. Huko huitwa ambuya utano. Sisi tunaye Bwana Afya, wao wanaye Bibi Afya.

Kwa kuwa ndani ya zahanati hapakuwa na nafasi, benchi likawekwa nje. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakaliepuka, kwani ni nani apendaye kuonekana na jirani zake akikaa mahali penye jina kama hilo? Akina bibi ndio walioshauri libadilishwe jina. Likaitwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Kwa maoni yangu badiliko hili lastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya uvumbuzi, sawa na dawa yenyewe, maana huduma isiyofikiwa na mtu haiwezi kumponya mtu.

Lugha ilisaidia kwa njia nyingine pia. Wazee wale hawakusema habari za sonona, neno tulitumialo siku hizi kwa ile huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu na matumaini. Walisema kufungisisa. Msomaji asidanganywe na sauti ya neno: kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi hata mawazo yakamzidi mwenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti walikuwa wamekwisha kutunga huko Harare hojaji ya maswali 14 kwa kufuata jinsi watu wenyewe wanavyosimulia taabu zao. Je, juma hili ulikosa usingizi? Ulilia, au ulitamani kulia? Kazi zako zilikuwa zikirudi nyuma? Kila jibu la ndiyo ni alama moja.

Mwenye alama nyingi hupelekwa kwa bibi. Watakutana mara sita hivi, na bibi hatoi mahubiri wala hamwambii mgeni la kufanya, jambo ambalo, kwa tunavyowajua bibi zetu, bila shaka lahitaji mafunzo. Kwanza humwacha ayamwage yote yaliyo moyoni. Tuseme mama mmoja ana deni la kodi ya nyumba, mume hana kazi, mtoto amerudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya ada, naye mwenyewe anaogopa kwenda kupimwa damu. Bibi humtaka achague moja tu, kisha walitazame pamoja: ni njia zipi zinazowezekana, ipi itaanza, lini, na nani atasaidia? Juma lijalo hurudi kueleza lililotendeka. Baadaye hukaribishwa katika kikundi cha wenzake waliopita benchini, ambapo husaidiana kwa maneno huku wakifuma mifuko ya kuuza. Mgonjwa anayetaka kujiua, au aliyeruka akili, haachwi mikononi mwa bibi. Hupelekwa kwa wataalamu.

Je, ilifaa? Taarifa ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2011, ilionyesha kwamba wastani wa alama za waliohudumiwa ulishuka kutoka 11.3 hadi 6.5. Mwanafunzi mwangalifu hatashangilia upesi. Huzuni nyingine hupungua zenyewe kwa kupita siku. Tena mtu hufika zahanati siku ile hali yake ilipo mbaya kabisa, hivyo akipimwa baadaye yaelekea atakuwa nafuu kidogo hata asipotendewa lolote. Bila kundi la kulinganishia hatuwezi kujua sehemu gani ya nafuu ililetwa na benchi.

Kwa hiyo likafanywa jaribio kubwa zaidi. Zahanati 24 za Harare ziligawanywa kwa kura. Tazama kwamba zilizopigiwa kura ni zahanati, si watu mmoja mmoja. Kama majirani wawili wa zahanati moja wangetengwa, huyu benchini na yule pembeni, yule wa pembeni angepata mashauri ya bibi kisimani jioni ile ile, na tofauti ingefifia. Walioandikishwa walikuwa 573, wote wenye alama 9 au zaidi. Kundi la kulinganishia nalo halikutupwa: lilipata uchunguzi wa muuguzi, ushauri mfupi, na dawa ilipobidi. Baada ya miezi sita, wastani wa alama katika zahanati zenye benchi ulikuwa 3.81, na katika zile nyingine 8.90. Kwa kipimo cha pili, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa benchini, na kwa asilimia 49.9 ya wenzao. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Yapo ambayo jaribio hilo halikuyajibu. Asilimia 86 ya washiriki walikuwa wanawake, kwa hiyo juu ya wanaume tumeambiwa machache. Miezi sita si miaka sita. Tena aliyekaa na bibi alijua kwamba amekaa na bibi, na kujua huko kwaweza kuyagusa majibu yake. Zaidi ya hayo, jaribio halikutenganisha mambo: ni ile njia ya kuchagua tatizo moja iliyoponya, au ni umri na heshima ya bibi, au kile kikundi cha wafumaji? Vijana wa huko wamekwisha kufundishwa nao kukaa na vijana wenzao, na kazi yao yaweza kusaidia kujibu sehemu ya swali hilo.

Benchi hili limevuka mipaka, likafika Malawi, New York, na Visiwani Zanzibar. Mbao na misumari husafiri kwa urahisi. Hojaji haisafiri hivyo. Alama 9 ni mpaka uliopatikana kwa kuyalinganisha majibu ya watu wa Harare na uchunguzi wa kitabibu. Msemaji wa Kiswahili aweza kutaja uzito wa kifua, au mawazo mengi, au kuchoka moyo, mahali ambapo Mshona angetaja kufungisisa. Kila swali lililofasiriwa lahitaji kupimwa upya kwa wagonjwa na wazima wa mahali pale, na mpaka mpya kutafutwa, kabla bibi wa Unguja au Pemba hajaanza kuhesabu alama.